Msituandikie Kitindamlo

Kila Desemba ikikaribia katikati, simu yangu hujaa keki. Kwenye magrupu ya WhatsApp, kwenye kurasa za mapishi, kwenye magazeti ya mwisho wa wiki, kwenye vipindi vya asubuhi vya redio, wimbo ni mmoja: vitindamlo vya kupamba meza yako ya sikukuu. Washa oveni nyuzi 180. Chukua siagi gramu 250. Nyunyizia sukari ya unga juu, ifanane na theluji. Wapo hata wanaothubutu kuandika "msimu wa baridi", na mwandishi mwenyewe yuko Tabata, feni inazunguka, jasho linamdondokea kwenye kibodi.

Theluji nchi hii ipo juu ya Kilimanjaro, na hakuna anayeila.

Ningecheka nikapita, ila nami nilikuwa mmoja wao. Kwa miaka mitatu niliandika safu ya mapishi kwenye gazeti moja ambalo sitalitaja. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi: unatafuta pishi la Kiingereza kwenye intaneti, unalitafsiri, unabadilisha matunda mawili matatu ili lionekane la kwetu, unapeleka. Kwa hiyo ugomvi huu ni wangu na wenzangu, na kabla ya hapo ni wangu na mimi mwenyewe.

Ninachodai ni hiki. Mapishi ya sikukuu tunayoyaandika kwa Kiswahili yanawaelekeza watu kwenye Krismasi ambayo wengi wetu hatujawahi kuila, na ubaya wake mkubwa hauko kwenye siagi. Uko kwenye mlango. Pishi linadhani utamu unaliwa ndani, mezani, na waliokaa mezani. Nilikokulia mimi, utamu wa sikukuu ulipikwa ili utoke nje.

Tuanze na neno lenyewe. Kitindamlo. Liko kwenye kamusi, silikatai, na limeundwa vizuri: linatinda mlo kama kitinda mimba anavyotinda uzazi. Lakini nina miaka thelathini na kitu na sijawahi kumsikia mtu nyumbani akisema, mama, tuletee kitindamlo. Chakula kikiisha kwetu watu hunawa mikono. Akikuletea tunda, ni tunda. Akikuletea chai, ni chai. Hakuna sahani ya tatu inayosubiriwa jikoni.

Si kwamba hatupendi sukari. Jamani, sisi na sukari! Ila utamu wetu una saa zake, na saa hizo kwa kawaida haziko mwisho wa mlo. Andazi ni la asubuhi, pamoja na chai. Kitumbua ni cha asubuhi. Nenda pwani, kwa wataalamu wenyewe: kalimati haifungi futari, inakaa mstari wa mbele pamoja na tende na uji. Visheti vinakaa kwenye sahani sebuleni siku ya Idi vikimsubiri mgeni yeyote atakayepiga hodi, hata kama hajala kitu. Utamu wetu unafungua. Unafungua siku, unafungua kinywa, unafungua mazungumzo na mgeni. Tukiuita kitindamlo tunaugeuza kichwa chini, halafu tunashangaa mbona hautembei.

Sasa niwapeleke Mishamo, maana ndiko ninakojua.

Mishamo iko mkoa wa Katavi, ndani kutoka barabara ya Mpanda kwenda Uvinza, katikati ya msitu wa miombo. Ilianzishwa mwaka 1978 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, waliokimbia mauaji ya 1972 na ambao wengi wao walikuwa wameshakaa kwanza Ulyankulu, mpaka Ulyankulu ikajaa. Serikali na mashirika walipima ardhi, wakakata barabara zilizonyooka, wakagawa vijiji 16. Kila familia ilipewa eneo lake la kulima. Wazazi wangu walifika pale wakiwa watoto. Mimi nilizaliwa pale.

Desemba ya Mishamo haina baridi. Baridi yetu huja Juni na Julai, wakati mahindi yameshaingia ghalani na watu wanaota moto wakiwa wameshiba. Desemba ni mvua. Ni matope yanayong'ang'ania kandambili mpaka unaibeba mkononi. Ni mwezi wa jembe, mbegu iko ardhini na ghala linaonyesha sakafu. Pesa ya tumbaku imeshakwisha kwenye madeni na ada. Embe zinaanguka kila mahali, na kuna siku embe ndizo mlo wenyewe, wala si tunda la baada ya mlo. Sikukuu kubwa ya mwaka inatukuta katika mwezi mwembamba kuliko yote. Mwandishi wa pishi la "meza iliyosheheni" hajui hili, au analijua na halimhusu.

Katika mwezi huo mwembamba, mama yangu alikuwa na kilo 2 za unga wa ngano.

Zilianza kutafutwa tangu Oktoba. Kuku mmoja aliuzwa, mara nyingine debe la maharage lililofichwa kwa kazi hiyo tu. Unga, sukari, hamira, mafuta ya kula, na iliki ya kuhesabu, punje kwa punje, kwenye karatasi iliyosokotwa. Tarehe 24 jioni, kabla ya kwenda mkesha, mama alikanda. Beseni lilikuwa la kufulia, lililosuguliwa kwa majivu mpaka likang'aa. Donge lilifunikwa kitenge na kuwekwa karibu na mafiga liumuke, na tukaonywa tusilifunue, eti likiona mtu linakasirika. Tuliporudi kanisani saa saba au saa nane usiku, kitenge kilikuwa kimenyanyuka kama tumbo la mjamzito. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Chupa ya soda ndiyo ilikuwa ya kusukumia. Kisu kilichovunjika mpini ndicho cha kukatia. Karai juu ya mafiga matatu, kibatari pembeni, moshi wa kuni zilizonyeshewa, na mama akichomoa kuni moja na kuirudisha, maana huo ndio udhibiti wa joto tuliokuwa nao. Nyuzi 180! Mafuta yakiwa ya moto sana andazi linaungua nje na ndani ni bichi. Yakipoa linanyonya mafuta mpaka linalia ukilibonyeza. Mama alitupia kipande kidogo kwanza. Kikizama na kuibuka palepale, twende kazi.

Kilo 2 za unga, kwa ukubwa wa nyumbani kwetu, zilitoa maandazi kama 60.

Sasa fanya hesabu pamoja nami, maana hoja yangu yote iko humo. Pishi la keki mwishoni huandika: inatosha watu 8. Mama alikuwa na hesabu tofauti. Nyumba 10, maandazi manne manne, hayo ni 40. Nyumba yenye msiba mwaka huo iliongezewa mawili. Yaliyobaki ndiyo yetu. Tulikuwa saba. Kwa hiyo mtoto aliyelala saa moja tu, macho mekundu kwa moshi, alikula mawili na nusu, halafu akapewa sahani iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi akaambiwa: peleka kule kwenye nyumba ya tatu, usikimbie, usifunue, na ukifika uanze kwa salamu.

Mtoto huyo ni mimi. Na njiani nilipishana na watoto wengine waliobeba sahani zilizofunikwa, wakienda nilikotoka. Tulikuwa tunatazamana kama wanajeshi wa majeshi mawili. Ilipofika saa tatu asubuhi, kila nyumba ilikuwa na maandazi ya nyumba nyingine zote. Yapo yaliyojaa iliki, yapo yaliyosahauliwa chumvi, yapo ya unga wa ngano uliochanganywa na wa muhogo kwa sababu ngano haikutosha, na hayo yalikuwa magumu kama kisigino. Yote yaliliwa. Kwenye sahani ya chai ulikuwa unaweza kusoma mwaka wa kila jirani: nani amevuna, nani ameuguza, nani amepokea fedha kutoka kwa mtoto aliye mjini.

Na sahani hairudi tupu. Hii sihitaji kuwaeleza. Ukirudishiwa sahani yako, ndani yake mna kitu, hata kama ni embe moja au kijiko cha sukari kwenye kipande cha gazeti.

Shuleni kwetu alikuwapo mwalimu mmoja wa kike aliyetoka Kyela. Alipangiwa kazi Mishamo kama watu wanavyopangiwa adhabu. Hakuwa na ndugu pale, na wengi wetu hatukuwa na uhakika kama anatupenda. Mimi nilihisi anatuona wakimbizi, nasi tulimwona mtu wa serikali. Krismasi moja mama alinituma kwake na sahani. Nilitetemeka njia nzima. Alifungua mlango, akafunua kitambaa, akanyamaza, halafu akaniambia nisubiri. Hakuwa na kitu cha kurudisha. Aliosha sahani, akaniambia, "Mwambie mama sahani nitaileta mwenyewe." Mwaka Mpya, siku ambayo wazee wetu wanaiita Ubunani, akaja na sahani yetu ikiwa na vitumbua vya mchele, vya kwao Kyela kwenye mpunga. Kumbe usiku kucha alikuwa analowesha na kutwanga. Alikaa mpaka jioni. Mama hakujua kutengeneza vitumbua vya mchele kabla ya siku ile. Baadaye alijua, na nyumba 10 nazo zikajua.

Hapo niwaombe tusimame kidogo, kwa sababu wasomaji wa ukurasa huu ni watu wa vitabu na kuna kitabu kuhusu kwetu. Mwaka 1995 Liisa Malkki alichapisha Purity and Exile, kutokana na utafiti alioufanya Mishamo na mjini Kigoma miaka ya themanini. Ni kitabu kikubwa, na kimesomwa sana vyuoni kuliko kilivyosomwa Mishamo. Anaonyesha jinsi wakimbizi wa kambini walivyoishika historia yao na kujiona taifa moja lililo uhamishoni, safi, linalosubiri kurudi, wakati wale waliokwenda kuishi mjini Kigoma walijichanganya na kuyabeba majina na utambulisho mbalimbali kadiri maisha yalivyodai. Nilikisoma chuo kikuu na nikawasikia babu zangu humo. Wazee wetu walisimulia hivyo kweli, jioni baada ya jioni.

Lakini wazee haohao, asubuhi ya Noheli, walikuwa wanatafuna andazi. Na andazi si la Burundi wala si la Mishamo. Neno lake ni Kiswahili, limetoka kwenye kuandaa. Iliki yake ni ya pwani na ng'ambo. Ngano yake haikulimwa kijijini kwetu. Kitumbua kilitoka Kyela na mwalimu. Asali tuliyopaka siku ambazo sukari ilishindikana ilitoka msituni, kwa Wabende, wenyeji wa eneo lile kabla yetu, waliojua kutundika mizinga ya magome wakati sisi bado tunajifunza majina ya miti. Huku midomo inasimulia usafi, sahani zilikuwa zimeshachanganya kila kitu. Na sahani hazikuomba kibali, wakati binadamu, kutoka nje ya makazi, alihitaji kibali.

Mnajua yaliyofuata, au mngepaswa kujua. Serikali ya Tanzania ikaamua kuwapa uraia wakimbizi wa 1972 waliotaka kubaki. Maombi ya zaidi ya watu 162,000 yalikubaliwa kufikia mwaka 2010, lakini vyeti havikuanza kutolewa mpaka Oktoba 2014. Katikati ya hapo tuliambiwa tutahamishwa na kutawanywa kwenye mikoa mingine, makazi yafungwe. Miaka ile ilikuwa migumu kueleza. Umeshaacha uraia wa zamani na cheti cha mpya hujapewa. Unapanda mwembe wa nini kama mwakani utakuwa Lindi? Unaezeka bati kwa ajili ya nani? Mpango wa kuhamisha watu baadaye uliachwa, na tukabaki. Ila kwa miaka kadhaa kila mtu aliishi akiwa ameinua mguu mmoja.

Nilikuwa chuoni, narudi likizo za Desemba. Nilitegemea kukuta hakuna anayepika. Nani anatumia kilo 2 za ngano kwa majirani ambao mwakani kila mmoja atakuwa mkoa wake? Nilikosea. Mama alikanda kama kawaida. Nilipomuuliza hakunitolea hotuba, alisema tu, "Sasa kama tunaachana, si ndiyo zaidi?"

Ndiyo maana nasema kuna kitu kikubwa hapa kuliko ladha. Mimi cheti changu ninacho, nimekiweka vizuri. Lakini kama mtu ataniuliza nilianza lini kuwa Mtanzania, sitamtajia 2014. Nitamtajia asubuhi ya Ubunani ile, sahani yetu iliporudi na vitumbua vya Kyela.

Basi siku moja, nikiwa nimeshaajiriwa Dar es Salaam, nikaamua kuandika haya kwenye safu yangu. Nikaandika pishi la maandazi ya Noheli ya Mishamo, kilo 2, na mwisho nikaweka: inatosha nyumba 10. Mhariri akaniita. Alikuwa mtu mzuri, na sina kinyongo naye. Akasema maandazi kila mtu anayajua, yanauzwa kila kona. Akasema wasomaji wanataka kitu "cha sikukuu". Ile nyumba 10 akadhani nimekosea kuchapa, akaibadilisha kuwa watu 10, halafu akaliondoa pishi lote na kuniomba keki ya chokoleti yenye umbo la gogo, ile ya Wafaransa. Nikaiandika. Nikaandika hata namna ya kuchora magamba ya mti kwa uma. Kule nilikotoka magogo ya kweli yamejaa, nami nikakaa nafundisha watu kuchonga la chokoleti.

Hiyo ndiyo aibu yangu. Sasa niwajibu wanaojiandaa kunijibu.

Atakuja wa kwanza: unatamani umaskini. Umefika mjini, umeshiba, sasa unaona moshi ulikuwa mtamu. Hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu lina ukweli wake. Mama ana kikohozi ambacho sidhani kilitoka hewani tu. Mimi na dada zangu tulikesha, kaka zangu wakalala, wakaamka kwa harufu. Mwandishi yeyote anayesifu maandazi ya kijijini bila kutaja nani alikaa mbele ya karai anaandika uongo, na mimi sitaki kuwa yeye. Nishati safi nataka ifike Mishamo. Mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unasema asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Nami nasema isiwe asilimia ya Masaki na Mikocheni. Gesi ikifika, mama akaange kwa gesi. Na kaka zangu wakande, mikono wanayo. Lakini angalia: hakuna hata kimoja katika hayo kinachohitaji keki. Oveni haimpunguzii mwanamke kazi kama bado ni yeye peke yake anayepika. Inamhamishia tu kazi ndani, na safari hii hakuna mtoto wa jirani atakayemwambia shikamoo na asante.

Atakuja wa pili: mambo yanabadilika, keki nayo itakuwa yetu kama andazi lilivyokuwa letu. Kweli kabisa. Mimi niliyetoka kusifu sahani zilizochanganyika siwezi kusema keki ni haramu. Na Mishamo keki zipo! Wapo kina mama wanaooka kwenye sufuria, mchanga chini, makaa yamepaliwa juu ya mfuniko, na inatoka imeumuka vizuri tu, wanauza vipande sokoni na kwenye kipaimara. Hao ndio ninaowatetea. Wameichukua keki wakaifanyia kazi mpaka ikakubali makaa. Je, ni nani kati yetu waandishi ameandika pishi lao? Muda gani wa makaa ya juu, muda gani ya chini, unajuaje imeiva bila kufunua na kuiangusha? Ujuzi huo upo, ni wa Kiswahili, na haujaandikwa kwa sababu wanaoandika wanatafsiri. Mabadiliko yanatoka jikoni. Tunachofanya sisi ni kuyaruka na kunakili ya mwingine.

Atakuja wa tatu, huyu ndiye mkali: sahani hazitembei tena hata huko kwenu, wacha kudanganya. Umesikia wapi Dar mtu anampelekea jirani andazi? Atadhani limetiwa kitu. Hapa nakubali, na ndiyo sababu nimekasirika. Mwaka juzi nilikwenda nyumbani kwa sikukuu. Sahani nilizopishana nazo zilikuwa chache. Sukari ni sehemu ya maelezo. Mapema 2024 ilipanda mpaka serikali ikatangaza bei elekezi, na mtu akishaumia mara moja huanza kuhesabu. Lakini kuna kingine. Binti mmoja wa jirani aliniambia kwa aibu kwamba hawakupika mwaka huo kwa sababu "maandazi si ya Krismasi, ni ya kila siku." Keki ndiyo ya Krismasi, na keki hawakuiweza. Kwa hiyo hawakupika kitu. Mlango ukafungwa.

Nilimtazama yule binti nikajua nimeliona sentensi lile mahali. Lilikuwa la mhariri wangu. Lilikuwa langu pia, miaka mitatu mfululizo, kila Desemba, pamoja na picha.

Tunadhani pishi ni maelekezo tu, gramu na dakika. Hapana. Pishi linamwambia msomaji siku hii inaonekanaje. Linamwambia ni vitu gani vinahesabika kuwa sherehe na vipi havihesabiki. Ukimwonyesha mtu mwenye mafiga matatu, mwaka baada ya mwaka, kwamba sherehe huanza kwenye oveni, hatanunua oveni. Ataacha kusherehekea, au atasherehekea kwa kujificha. Na kwenye mwezi wa njaa, kujificha ndiko kunakoua. Zile sahani hazikuwa heshima tupu. Zilikuwa njia ya kujua nani hajawasha moto leo. Sahani iliyorudi na embe moja ilimwambia mama kila kitu, na kesho yake aliyekuwa na unga wa muhogo aliupeleka bila kuulizwa na bila kumwaibisha mtu.

Kwa hiyo, wenzangu wa safu za mapishi, wa blogu, wa vipindi vya asubuhi, ombi langu ni dogo na linafanyika mwaka huu huu. Acheni theluji. Acheni "majira ya baridi" hadi Juni, na hapo mtuandikie uji wa ulezi. Andikeni pishi kwa jiko ambalo msomaji analo: mafiga, mkaa, gesi ya mtungi mdogo. Andikeni vipimo kwa kikombe na kopo, kwa mtu asiye na mizani. Mwende kwa mama anayeoka kwa mchanga mumuulize, na mmtaje kwa ruhusa yake, kama mnavyomtaja mpishi wa hoteli. Tuandikieni ndizi mbivu na unga wa muhogo, asali ya Katavi, embe za Desemba. Andikeni nani anakanda, na msiogope kumwandika baba. Kitindamlo muwaachie wanaomaliza kula kwa hatua.

Nami naanza na deni langu, lile pishi lililotolewa gazetini.

Unga wa ngano kilo 2. Sukari vikombe viwili, au kimoja kama mwaka umekuwa mbaya, hakuna atakayekusema. Hamira vijiko viwili vya chakula. Chumvi kidogo. Iliki uliyonayo. Maji ya uvuguvugu, ukande mpaka donge liache kushika beseni, kwa zamu, wanaume wakiwemo. Funika, nenda mkesha. Ukirudi sukuma, kata, acha yapumzike kidogo, kaanga mpaka yawe ya kahawia pande zote mbili. Panga manne manne kwenye sahani, funika, mpe mtoto mwenye adabu.

Inatosha nyumba 10.